Tumechoka na Koleo

Simama Kansanga kwenye barabara ya Ggaba saa yoyote ya mchana, uliza, "Jino linang'olewa wapi?" Utaoneshwa njia na watu watatu kabla hujamaliza kuuliza. Mwendesha boda anajua. Mama wa nyanya anajua. Sasa uliza swali la pili: "Nikitaka tu kuangaliwa meno, siumwi kitu, niende wapi?" Watakutazama kama mtu aliyeokota pesa. Mmoja atakuuliza kama uko mzima kichwani. Huumwi, unaenda kwa musawo kufanya nini?

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Kansanga. Sijasomea udaktari, nimeishia sekondari. Lakini kila wiki ninakaa na vijana wa Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Eritrea, na ninaona wanavyotabasamu midomo ikiwa imefungwa. Msichana wa miaka kumi na tisa anafunika mdomo kwa kiganja akicheka. Kijana anayetafuta kazi hotelini anaongea akiangalia chini. Hawa si wazee. Wameshapoteza magego mawili, matatu, na wengine jino la mbele. Na hakuna aliyepoteza jino kwa sababu halikuwa na dawa. Walilipoteza kwa sababu kila mlango waliogonga waliambiwa neno moja: rudi likiuma.

Hilo neno ndilo ninalopinga leo. "Rudi likiuma" ni sera. Hakuna aliyeiandika kwenye karatasi, lakini inafanya kazi katika mashirika, katika kliniki, na ndani ya nyumba zetu wenyewe. Inasema kwamba mkimbizi hana haki ya jino zima, ana haki ya kung'olewa jino bovu tu. Na inajidai kuwa inaokoa pesa, wakati inamaliza pesa za watu ambao hawana pesa.

Kwanza nieleze hiyo kuangaliwa meno ni nini, maana wengi wetu hatujawahi kuiona. Tunafikiri ukikaa kwenye kile kiti, lazima utoke na damu.

Unaanza kwa maswali. Daktari wa meno au afisa wa meno anauliza unaumwa nini kwa kawaida, kama una presha, kisukari, mimba, kama dawa fulani inakudhuru, kama unatumia dawa za kila siku. Hapo usimfiche. Hakuulizi kwa umbea. Ganzi na dawa zingine zinategemea majibu yako, na kisukari na fizi mbovu ni marafiki: kimoja kinamharibu mwenzake. Mama mjamzito anaruhusiwa kuangaliwa, na afadhali aangaliwe kuliko akae na jipu la fizi miezi tisa.

Halafu unafungua mdomo. Ana kioo kidogo chenye mpini na kijichuma chembamba. Anapita jino moja moja. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32, mtoto mwenye meno ya utoto ana 20. Anatafuta madoa meupe au ya kahawia ambayo ni mwanzo wa kuoza, anatafuta vitundu, anagusa fizi aone kama zinatoka damu, anaangalia ulimi, mashavu kwa ndani na chini ya ulimi kama kuna kidonda kisichopona. Anakushika chini ya taya kuona kama kuna uvimbe. Kama kuna kitu hakionekani kwa macho, atakwambia upigwe picha ya eksirei. Hilo si lazima kila mara, na una haki ya kuuliza: picha hii ni ya nini, na ni shilingi ngapi?

Mwisho anakwambia alichokiona. Pengine kuna ugaga, ile takataka ngumu ya manjano inayoshika kwenye shina la jino, ambayo mswaki hauitoi. Anaweza kuusafisha siku hiyo au kukupa siku nyingine. Kusafishwa kunakwaruza masikio na fizi zinaweza kutoa damu kidogo, basi. Hakuna jino linaloondoka. Dakika ishirini, thelathini, umetoka.

Na hiyo habari ya kwamba lazima uende kila miezi sita? Mashirika wanapenda kuitumia kutuambia haiwezekani. "Mara mbili kwa mwaka, watu wote hawa, pesa itatoka wapi?" Wakubwa wangu, miezi sita si amri ya Mungu. Uingereza, nchi yenye pesa, mwongozo wao wa afya wa mwaka 2004 ulisema daktari apange muda kulingana na hali ya mtu: mwenye hatari arudi baada ya miezi mitatu, mtu mzima mwenye kinywa kizuri anaweza kukaa hata miezi 24. Watoto wasizidi mwaka mmoja. Kwa hiyo hatuombi anasa za Wazungu. Mtoto mara moja kwa mwaka, mtu mzima mara moja kwa miaka miwili kama yuko sawa. Hilo ndilo ombi. Ni kubwa?

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganyana.

Jino halianzi kuuma siku moja. Sukari inabaki mdomoni, vijidudu vinaila, vinatoa asidi, asidi inakula ganda gumu la jino. Mwanzoni ni doa tu. Hapo dawa ya meno yenye floridi, ukipiga mswaki mara mbili kwa siku na kupunguza sukari, inaweza kulisimamisha. Gharama yake ni bomba la dawa ya meno. Usipolisimamisha linakuwa tundu dogo, na tundu dogo linazibwa. Hapo unalipa makumi ya elfu ya shilingi. Usipoziba, uozo unafika kwenye mshipa wa ndani, ndipo unalia usiku. Hapo kuna njia mbili: tiba ya mzizi, ambayo kwenye kliniki za Kampala inaanza kuhesabiwa kwa malaki na inaweza kumeza kodi ya muzigo wako ya mwezi mzima na zaidi, au koleo. Mkimbizi anachagua koleo. Kusema ukweli hachagui, ndilo pekee linalofika mfukoni mwake.

Halafu wanasema: unaona, kung'oa ni rahisi. Rahisi kwa nani? Hesabu na mimi. Mama anayetembeza bitenge kuanzia Kansanga mpaka Ntinda, jino likianza kumuuma hatembei. Siku ya kwanza ananunua Panadol. Siku ya tatu ananunua diklofenaki. Wiki ya pili duka la dawa linamuuzia vidonge vya rangi mbili, amoksilini, tena si dozi nzima, vidonge sita kwa sababu pesa imeishia hapo. Maumivu yanapungua kidogo, anafikiri amepona. Hajapona. Hivyo vidonge havizibi tundu na haviponyi mshipa wa jino uliooza, na ukivimeza nusu nusu unafundisha vijidudu kuvizoea. Mwezi unaofuata anarudia. Jumlisha dawa zote, siku ambazo hakuuza, boda ya kwenda na kurudi, halafu kung'oa kwenyewe. Halafu pengo. Magego yakiisha upande mmoja anatafuna upande mwingine mpaka nao unaisha. Nionyeshe hapo nani ameokoa pesa. Shirika limeokoa, kweli, kwa sababu gharama hiyo haikuandikwa kwenye daftari lao. Iliandikwa kwenye sufuria ya yule mama.

Na kuna wanaolipa zaidi ya pesa. Jino la chini likioza mpaka usaha ushuke chini ya taya, shingo inavimba, mdomo haufunguki, kumeza kunakuwa shida, na pumzi inaweza kuzibwa. Mtu anaweza kufa kwa jino. Ukiona uvimbe chini ya taya pamoja na homa, usiende duka la dawa, nenda hospitali usiku huo huo. Kwa watoto wadogo wenye utapiamlo kuna ugonjwa unaitwa noma. Unaanza kama kidonda cha fizi, na ndani ya siku chache unakula shavu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwezi wa Desemba 2023. Ukionekana mapema unatibika kwa dawa za kawaida, usafi wa kinywa na chakula. Lakini uonekane na nani, kama hakuna mtu anayefungua midomo ya watoto kuangalia?

Najua jibu la mashirika, nimelisikia mikutanoni mpaka nimelikariri. Wanasema meno si kipaumbele. Kuna malaria, kuna kipindupindu, kuna njaa, msaada umepunguzwa. Ndugu zangu wa mashirika, sibishani na malaria. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, karibu nusu ya dunia. Kitu kinachogusa nusu ya watu hakiwezi kuitwa kitu cha pembeni. Kinaitwa cha pembeni kwa sababu hakiui haraka, na kwa sababu mwenye jino bovu hapigwi picha ya kuwasikitisha wafadhili.

Jibu lao la pili: vifaa ni ghali, kile kiti kinahitaji umeme, mashine, maji ya bomba. Hapo ndipo ninapokasirika kabisa, maana jibu la swali hilo lilitoka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kuziba meno bila mashine ya kutoboa. Wanatumia vifaa vya mkono tu. Wanakwangua sehemu iliyooza, wanajaza kwa saruji maalum ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Bila umeme, mara nyingi bila ganzi, mgonjwa amelala kwenye meza ya darasa. Dunia nzima imejifunza njia hiyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu vitu vitatu: dawa ya meno yenye floridi, hiyo saruji ya kuzibia, na dawa ya maji yenye madini ya fedha inayopakwa kwenye jino lililooza ili uozo usimame. Inalifanya doa kuwa jeusi, ndiyo, lakini jino linabaki. Orodha ile ile yenye dawa za malaria. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba Nakivale au Kyaka hakuna umeme. Njia ilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama Nakivale.

Jibu la tatu: mkimbizi aende serikalini, ana haki sawa na Mganda. Hapo wanasema kweli, na ninataka kila msomaji ailewe kweli hiyo. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, ukiacha upande wa kulipia kwenye hospitali kubwa. Sheria ya Wakimbizi ni ya mwaka 2006. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilizindua mpango wa kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji. Kwa hiyo sisi wa Makindye tunaweza kwenda kituo cha Kisugu, tunaweza kwenda Kiruddu, tunaweza kufika Mulago ambako wanafunzi wa meno wa Makerere wanafundishwa. Chukua kitambulisho chako cha mkimbizi, fika asubuhi mapema, uliza meno yanaangaliwa siku gani na chumba gani. Usiogope.

Lakini haki iliyo kwenye karatasi ina nauli. Mara nyingi mtu anafika kituo cha bure anaambiwa glavu zimeisha, ganzi imeisha, kanunue nje. Foleni inakula siku nzima ya biashara. Na kuna lugha. Unapewa maelezo kwa Luganda au Kiingereza, unaitikia "yee, yee", unatoka hujui jino gani limesemwa. Kijana mmoja wa kundi letu alimpeleka bibi yake kwenye kituo kimoja mjini, akatoka nje dakika mbili kujibu simu. Aliporudi, jino lilikuwa kwenye bakuli. Bibi alikuwa ameonesha kwa kidole mahali panapomuuma, na kidole kikaeleweka kama ruhusa. Kama hakuna mkalimani, usiseme huduma ni sawa kwa wote.

Upande wa kliniki za kulipia nao hawatoki salama hapa. Mwezi uliopita mimi na vijana wawili tulipita kliniki tano kati ya Kabalagala na Kansanga, tukauliza swali moja: kuangaliwa ni bei gani, kusafisha, kuziba, kung'oa? Moja tu ilikuwa na bei zimebandikwa ukutani. Kwingine walituuliza kwanza tunatoka wapi. Sehemu moja dada wa mapokezi alitaja bei, akasikia Kiswahili chetu, akaingia ndani, akarudi na bei nyingine. Bei ambayo inabadilika kwa lafudhi ya mteja si bei, ni mtego. Na watu wanakimbilia hofu hiyo hiyo: hawaogopi sindano kama wanavyoogopa kukaa kwenye kiti halafu waambiwe ni laki mbili.

Kwa hiyo kabla hujakaa, uliza. Kumwona daktari ni bei gani, na nikitibiwa leo hiyo pesa inakatwa kwenye matibabu au ni ya peke yake? Kusafisha kuko ndani au kunalipiwa tofauti? Picha? Dawa? Mwombe aandike kwenye karatasi kazi zote anazoona zinahitajika, ipi ya haraka na ipi inaweza kusubiri mwezi ujao. Daktari mzuri hakasiriki. Dai risiti. Angalia kama vifaa vinatolewa kwenye pakiti iliyofungwa, glavu ni mpya, sindano ni mpya. Akikataa kukuonesha, simama, aga kwa heshima, ondoka. Kliniki ziko nyingi kwenye barabara ya Ggaba.

Na ukiambiwa meno yako ni ya kahawia, unahitaji kung'arishwa, subiri kidogo. Wengi wetu tuliokulia upande wa Goma, Sake, Rutshuru, tulikunywa maji ya nchi ya volkano, na maji yale yana floridi nyingi kupita kiasi. Ukiyanywa utotoni wakati meno bado yanajijenga, yanatoka na madoa ya kahawia. Hata Arusha watu wanaijua hali hiyo. Si uchafu. Hakusuguliki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa majivu, na mkaa unakwangua tu ganda la jino. Floridi kidogo kwenye dawa ya meno inalinda, nyingi sana kwenye maji ya utotoni inatia doa. Jino lenye doa hilo linaweza kuwa zima kabisa. Anayekuuzia kung'arishwa kama matibabu ya lazima anakula aibu yako.

Sasa tuongee na wenyewe, kwa heshima yote kwa wazazi wetu. Sera ya "rudi likiuma" ina mawakili ndani ya nyumba zetu. Tunasema meno ya utoto si kitu, yatang'oka tu. Lakini gego la kwanza la kudumu linatoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Kwa hiyo mzazi hajui kwamba limeingia. Linaoza likifikiriwa ni la utoto, na mtoto wa miaka kumi na mbili anang'olewa jino alilopaswa kuzeeka nalo. Mtoto anaanza shule, fungua mdomo wake, hesabu kutoka mbele. Jino la sita ndilo hilo. Lichunge.

Kuna kitu kibaya zaidi. Hapa Uganda wanaita ebiino, Tanzania wengine wanaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa na kuhara, mtu anasema fizi zina "meno mabaya", anachukua kisu au spoku ya baiskeli, anayachimbua. Anachochimbua ni mbegu za meno ya kweli ya mtoto. Hakuna jino lolote linaloleta kuhara. Mtoto anavuja damu, anaingiwa na vijidudu, wengine wamekufa, na anayepona anaota meno yaliyopinda au hayaoti kabisa. Wenye imani hiyo wako Kansanga na wako kambini. Hawatazuiwa kwa kutukanwa. Watazuiwa kama kila mama anayekwenda kliniki ya chanjo atakutana na mtu wa kuangalia fizi za mtoto na kumwambia: mama, hizi ni fizi za kawaida, mpe maji ya chumvi na sukari ya kuhara, rudi kesho. Hiyo pia ni kuangaliwa meno, na hapo haina hata gharama.

Na chai yetu, jamani. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, soda katikati, mandazi. Si kula sukari mara moja kunakotoboa jino kama kuirudia rudia siku nzima, maana kila mara asidi inaanza upya. Kunywa chai yako ya sukari pamoja na chakula, kisha kati kati unywe maji. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floridi, soma bomba kama imeandikwa. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, iache dawa ikae. Mtoto chini ya miaka mitatu, paka kidogo kama punje ya mchele. Wa miaka mitatu mpaka sita, kama punje ya njegere.

Nimeshasema tunachofanya sisi. Sasa mliobaki mnajua kiti chenu.

Mashirika mnaohudumia wakimbizi mjini, na kambini vilevile: tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa Duniani. Mnakuja na hema, mnagawa miswaki, mnapiga picha, mnang'oa meno ya watu wengi kwa siku moja, mnaondoka. Ripoti inaandika idadi ya meno yaliyong'olewa kana kwamba ni mavuno. Mwaka huu andikeni idadi nyingine: meno mangapi yamezibwa, watoto wangapi wa miaka sita wameangaliwa. Tumieni pesa ya hema kumlipa afisa wa meno mmoja mwenye mkoba wa vifaa vya mkono apite shule na vikundi vya vijana mwaka mzima. Wekeni dawa ya meno kwenye vifaa vya usafi mnavyogawa, kama mnavyoweka sabuni. Lipieni kuangaliwa na kuziba kwenye rufaa zenu, msilipie kung'oa peke yake. Lipeni wakalimani, vijana wapo, wanaongea lugha nne kila mmoja na hawana kazi.

Kliniki za Kansanga: bandikeni bei ukutani, kwa Luganda, Kiingereza na Kiswahili. Bei moja kwa wote. Mtashangaa wateja watakavyoongezeka.

Sisi vijana tumeanza kile tunachoweza. Orodha ya bei tulizoulizia iko kwenye daftari la kundi, kila mwezi tutaipitia upya, na yeyote anaweza kuja kuisoma bure. Wanaokwenda vituo vya serikali tunawapa mtu wa kuwasindikiza na kuwatafsiria, na huyo msindikizaji haruhusiwi kutoka chumbani, hata simu ikilia. Mwenye mtoto wa miaka sita, tuletee jina lake. Tukifika watoto ishirini tutawapeleka pamoja, asubuhi moja, kabla hata mmoja wao hajaumwa.